Vikapu Themanini na Vinne na Mgeni Rasmi Mmoja

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, katibu wa kamati ya maonesho alikuja kuniambia kwamba banda langu si langu. Najua hadi dakika kwa sababu nilikuwa na saa mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Kitabu nilichojifunzia biashara kilisema mfanyabiashara makini huandika muda wa kila jambo. Katibu alisema banda namba saba, lile la karibu na lango, limepewa mtu mwingine "kwa sababu zilizo juu ya uwezo wetu." Wakati anasema hayo, sababu zenyewe zilikuwa zinashushwa kwenye gari nyuma yake: friji mbili za soda.

Nikahamishiwa banda namba thelathini na moja. Maonesho yalifanyika kwenye uwanja wa mpira pale Korogwe, na banda hilo lilikuwa mwisho kabisa wa uwanja, limefungwa turubai juu ya goli. Sikusema karibu na goli. Goli lilikuwa ndani: mwamba wa juu ukipita kichwani kwetu, nguzo moja kushoto, nyingine kulia. Upande mmoja tulipakana na jenereta, upande wa pili na spika kubwa ya mshereheshaji. Nami nilikuwa nimeshapima banda namba saba kwa tepu ya fundi cherehani, nikachora ramani kwenye karatasi ya mirabaraba, kila kikapu na mahali pake. Goli halikuwemo kwenye ramani.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaosuka, mnaochora, mnaochonga na kufinyanga, mnaokuja barazani kwangu Chanika, Handeni, kuniambia, "Mama Saumu, nimepata banda kwenye maonesho, nifanyeje nijitangaze?" Nimesuka na kuuza vikapu vya katani kwa miaka ishirini na sita. Nimeacha kwa sababu vidole gumba vyangu vimegoma, si kwa sababu nilitajirika. Nawajibu kwa maandishi ili nisirudie maneno, na ili mtu akitaka kubishana abishane na karatasi.

Kwanza mjue nilikuwa mtaalamu wa namna gani. Shule niliishia darasa la saba. Biashara nilijifunza kwenye kitabu nilichonunua chini, kwa muuza vitabu vya mitumba. Kilikuwa kitabu kizuri, ila hakikuwa na jalada wala kurasa ishirini za mwanzo. Nilianza sura ya tatu, nikasoma mpaka mwisho mara nne, nikipigia mistari kwa rula. Humo nilijifunza kuhusu nembo, kaulimbiu, mwonekano, na "kujenga taswira akilini mwa mteja." Nahisi zile kurasa ishirini zilizokosekana ndizo zilizoeleza kwamba bidhaa inatakiwa iuzwe.

Sasa kilichokuwa hatarini. Vikapu havikuwa vyangu peke yangu. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, watano wa Chanika na sita wa Bungu kule milimani, na tulikuwa na vikapu themanini na vinne. Kwa miaka yote vikapu vyetu vilinunuliwa na mlanguzi mmoja kutoka Dar es Salaam, nitamwita Bwana Sefu, mtu mpole sana, mwenye salamu ndefu na bei fupi. Alikuwa anatoa elfu tatu kwa kikapu. Mwezi mmoja kabla ya maonesho nilisimama mbele ya wenzangu na daftari langu nikawaambia wasimuuzie. Niliwaambia maonesho yatatupa elfu kumi na mbili kwa kila kikapu. Nilichora hata jedwali. Wakaniamini, jedwali likiwa limenyooka kiasi kile nani asingeamini? Bwana Sefu akaambiwa arudi Jumatatu baada ya maonesho. Aliitika, akatabasamu, akasema atakuja na gari kubwa kidogo.

Kwa hiyo kama vikapu visingeuzwa ndani ya siku tano, Jumatatu vingerudi kwa Bwana Sefu, kwa elfu tatu kama angekuwa na huruma. Na kikundi kingekufa, maana hakuna mwanamke angenisikiliza tena.

Ili hilo lisitokee, nilichukua fedha ya sanduku la kikundi nikaitumia kwa umakini mkubwa. Banda, elfu sitini. Bango la mita tatu lenye picha yangu nikiwa nimekunja mikono kama meneja wa benki, elfu sabini. Vipeperushi mia tatu vya rangi, elfu tisini. Fulana mbili za sare ambazo kamati ilisema ni za hiari, na asiyenazo haingii, elfu ishirini na nane. Kipeperushi kilikuwa na maneno matatu makubwa: Ubunifu, Ubora, Uthubutu. Kilikuwa na historia ya mkonge. Kilikuwa na dira na dhamira. Hakikuwa na bei. Kitabu kilisema bei hujadiliwa baada ya uhusiano kujengwa.

Tuliokwenda kukaa bandani tulikuwa wawili, mimi na Bi Zaina wa Bungu. Bi Zaina alikuwa amenizidi miaka kumi, msukaji bora kuliko sisi sote, na mtu asiye na hata tone la uvumilivu kwa taswira akilini mwa mteja. Yeye ni Msambaa, mimi Mzigua. Kwa msomaji wa mbali: hao ni watani. Mtani wako anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, anaweza kukunyang'anya kitu chako mkononi hadharani, na wewe ukikasirika ndiye uliyekosa adabu. Ukikitaka kitu hicho unakikomboa, kwa bei atakayoitaja yeye. Kwa miaka yote ya kazi yetu, Bi Zaina hakupoteza siku hata moja bila kuitumia haki hiyo.

"We Mzigua," aliniambia ile Jumatano, "umekuja kuuza vikapu au umekuja kuvizika?"

Aliuliza hivyo kwa sababu nilikuwa nimevifunika vyote kwa nailoni nyeupe visiingie vumbi, nikavipanga mafungu matatu yanayolingana, nikavuta kamba mbele ya banda. Kwenye kamba nilitundika karatasi: TAFADHALI USIGUSE. Bango nikalifunga kwenye mwamba wa goli.

"Huo ndio mwonekano wa kitaalamu," nikamjibu.

"Sawa. Na mimi nikae wapi, au na mimi nivishwe nailoni?"

Nilimkalisha nyuma, nikamkataza kusuka. Niliona haifai mteja amwone mtu anasokota katani pajani kama tuko uani.

Siku hiyo tuliuza vikapu sifuri. Lakini msidhani haikuwa na mafanikio. Tulikuwa na daftari la wageni, lenye safu za jina, anakotoka, maoni na sahihi, na watu sitini na watatu walisaini. Hapa kwetu mtu akipita bandani bila kusaini anajisikia kama amekataa chai. Nililisoma daftari lile jioni kwa makini. "Kazi nzuri." "Hongereni akina mama." "Endeleeni hivyo hivyo," aliandika mmoja, nami nikajiuliza tuendelee na kipi. Mwingine aliandika, "Mistari ya daftari imepigwa vizuri sana." Huyo ndiye aliyeniumiza, maana ndiye pekee aliyekuwa amesifia kitu maalumu.

Nisimame hapa kidogo niwaambie kuhusu Mzee Hoza, kwa sababu yeye alikuwa mwalimu wangu na sikujua. Alikuwa anauza machungwa kwenye mabasi pale Korogwe tangu mabasi yenyewe yakiwa na matumbo ya mbao. Miguu ilipochoka akahamia kuuza kwenye mikusanyiko, na wiki ile alikuwa nje ya lango la uwanja na toroli lake. Basi husimama dakika nne. Katika dakika hizo nne, Mzee Hoza alisema, huna muda wa kueleza dira na dhamira ya chungwa. Unamenya moja, unaliinua abiria aone maji, unataja bei, halafu unamtia la kwake mkononi. "Mtu akishakishika kitu ni chake," alisema. "Kukurudishia kunamuuma kidogo. Hayo maumivu ndiyo biashara."

Alhamisi asubuhi alikuja kutuona. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika huku anatazama nailoni, kamba na bango. Akalitazama bango kwa muda mrefu.

"Mama Saumu, huyu aliyekunja mikono ni wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Unauzwa?"

Bi Zaina akacheka mpaka akashika nguzo ya goli.

"Nauliza tu," Mzee Hoza akaendelea bila kucheka, "maana kutoka langoni ninakuona wewe. Vikapu sivioni. Halafu goli lote hili mmepewa bure, mwamba mrefu namna hii, mmetundika picha. Tundikeni mzigo."

Nilimshukuru kwa adabu na sikumsikiliza. Nilikuwa nimesoma kitabu mara nne. Yeye alikuwa anauza machungwa. Alhamisi tuliuza vikapu viwili, vyote kwa mwalimu mmoja wa kike aliyeruka kamba wakati nimekwenda chooni. Bi Zaina alimwuzia. Niliporudi nilimkemea kwa kuvuruga fungu la katikati.

Msinicheke sana. Haya makosa yangu yana watoto, na watoto wake ni ninyi. Nawaona siku hizi mnavyopiga picha kikapu kimoja mara mia, kwenye jua, kwenye kivuli, kikiwa na ua, kikiwa na kitabu ambacho hamjakisoma. Mnakitupia kwenye simu na maneno "bei njoo inbox." Mteja wa Handeni anayetaka kikapu aje inbox kufanya nini? Mimi niliweka kamba na ninyi mmeweka kamba. Yangu tu ilionekana.

Kwa upande wa bidhaa yenyewe sikuwa mjinga, na hili nalisema kwa sababu kujitangaza hakuoshi kikapu kibovu. Rangi nilijifunza kwa aibu. Miaka mingi kabla ya maonesho hayo, soko la Handeni, nilimuuzia mzee mmoja kikapu chekundu asubuhi ya Ijumaa. Nilikuwa nimeipika ile rangi ya unga haraka, bila chumvi ya kutosha, na sikuisuuza. Mzee akakiweka kikapu mapajani kwenye gari, mvua kidogo, joto kidogo. Saa nane mchana akarudi na kanzu nyeupe yenye duara jekundu pale ambapo mtu mzima hapendi kuwa na duara jekundu. Hakupaza sauti. Alisimama tu mbele ya meza yangu akiwa ameivaa, na watu wakapita. Tangu siku hiyo sikuuza kikapu cha rangi ambacho sijakisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa, mara thelathini, mbele ya macho yangu. Kitambaa kikitoka na rangi, kikapu kinarudi sufuriani. Kitambaa hicho nilikuwa nacho mfukoni pale kwenye maonesho siku zote tano. Silaha bora niliyokuwa nayo ya kumshawishi mteja, nami nikaifutia jasho.

Ijumaa ilikuwa siku ya mgeni rasmi.

Sijui kama mnaelewa uzito wa mgeni rasmi. Maonesho yanaweza kukosa maji, vyoo na wateja, lakini hayawezi kukosa mgeni rasmi. Alikuwa ofisa mkubwa, mwenyeji wa Handeni, na ratiba ilisema atafika saa nne kamili. Kuanzia saa tatu kamati ilituamuru tusiuze, ili njia ziwe wazi na mabanda yaonekane nadhifu. Watu wakasimama pembeni ya uwanja wakitazama bidhaa kwa mbali, kama wanaangalia mechi. Nilihesabu kumi na tisa waliokuja kuniuliza bei. Wote niliwaambia wasubiri mgeni apite. Saa nne ikafika, saa sita ikapita. Kumi na tisa wale wakaenda kula, na sikuona hata mmoja akirudi.

Katibu alikuwa ametunong'oneza pia kwamba banda linalotaka kutembelewa "liandae kitu kidogo." Nikafikiri kwa utaratibu. Kitabu kilisema mtu maarufu akitumia bidhaa yako umepata tangazo lisilolipiwa. Basi nikachagua kikapu bora kuliko vyote themanini na viwili vilivyobaki: kirefu kidogo, chenye milia ya kahawia na nyeusi, vishikio vya ngozi vilivyoshonwa kwa uzi wa nta. Kilikuwa cha Bi Zaina. Alikisuka siku tisa. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa kwa mama ntilie anakunywa uji, na mimi sikuona haja ya kumsumbua.

Mgeni alifika saa tisa na dakika ishirini. Alisimama mbele ya kamba yangu kwa muda wa kusoma maneno matatu makubwa. Nikamkabidhi kikapu, kikiwa ndani ya nailoni yake. Akasema, "Safi sana, safi sana," akampa msaidizi wake, ambaye tayari alikuwa amebeba chungu kimoja, asali chupa tatu na saa ya ukutani. Akasaini daftari. Safu ya maoni aliandika, "Safi sana." Wakaendelea banda la thelathini na mbili.

Bi Zaina akarudi, anafuta mdomo kwa ncha ya kanga. Akatazama lile fungu la katikati.

"Mama Saumu, kikapu changu kiko wapi?"

"Nimempa mgeni rasmi."

"Amelipa?"

"Bi Zaina, ni zawadi. Ni matangazo."

"Matangazo ya nani? Siku tisa za mikono yangu ndio matangazo yako?" Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Nilikwambia kile kikapu ndicho sare ya shule ya mjukuu wangu. Nilikwambia au sikukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Nilikuwa nimeandika hata kwenye daftari. Nikabaki naangalia kamba yangu.

Bi Zaina akauliza jambo moja tu. "Yule mkubwa ni mtu wa wapi?"

"Handeni. Mzigua mwenzangu."

"Ahaa," alisema Bi Zaina, akajifunga kanga kiunoni.

Nilimshika mkono. Aliuondoa mkono wangu kama anavyoondoa uzi uliokatika. Akaruka kamba, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaufuata msafara, nami nyuma yake.

"Simama hapo!" alipaza sauti. "Jamani, Mzigua kashikwa na mali ya Msambaa! Mwizi kavaa suti!"

Katibu alifumba macho. Vijana wawili wa mgambo wakasogea. Mshereheshaji, kwa kuwa alikuwa amechoka kutangaza gari lililoziba njia, akatambua riziki yake, akaja mbio na kipaza sauti. Hiyo ndiyo sababu yote yaliyofuata yalisikika kwenye spika, mpaka barabara kuu.

Mgeni rasmi aligeuka polepole. Akamtazama Bi Zaina kuanzia kilemba mpaka ndala. Mimi nilikuwa naomba ardhi inipokee.

"Wa Bungu au wa Lushoto?" akauliza.

"Bungu, baba. Na hicho kikapu ni cha Bungu."

Mgeni akapumua. "Nilijua tu. Asubuhi nilipoiona milima nikasema moyoni, leo nitaibiwa." Watu wakaanza kucheka. "Nyie baridi imewagandisha mpaka mnaona kila kitu ni chenu."

"Na nyie kiu imewakausha. Maji yenyewe mnaoga kwa zamu, leo mnataka kikapu, mtatia nini? Vumbi?"

Bi Zaina alishakichukua kikapu mkononi mwa msaidizi, amekivua nailoni na kuitupa chini.

"Haya, mtani, nimeshindwa," mgeni akasema. "Nakomboa. Kiasi gani?"

"Elfu kumi na mbili."

"Hii nyasi?"

"Bei ya Mzigua na bei ya mtu ni moja. Watu wote wananunua hivyo hivyo."

Watu wote walikuwa yule mwalimu aliyeruka kamba.

"Na kinabeba nini cha elfu kumi na mbili?"

"Kinabeba kila kitu, baba, isipokuwa ahadi za mikutano."

Hapo kelele zilizopigwa hazijawahi kupigwa uwanja ule hata timu ya nyumbani inaposhinda. Mgeni mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Halafu nikaona watu wanapisha, na Mzee Hoza anasukuma toroli lake katikati ya msafara. Hakumwuliza mtu ruhusa. Akaanza kuhesabu machungwa kwa sauti, moja moja, anayatia kikapuni, na umati ukahesabu naye. Yakafika arobaini. Mgeni akakiinua kwa mkono mmoja, akakitikisa. Vishikio vikanyooka, havikulia.

Akaingia mfukoni. Alikuwa na elfu kumi tu. Wakubwa hawatembei na fedha, wana watu. Msaidizi akamwongezea elfu mbili.

"Bado," Bi Zaina akasema. "Kukomboa kwa Msambaa kuna sharti. Unakibeba mwenyewe. Nikimwona mtu mwingine kakishika, nakichukua tena."

Basi mtu mkubwa yule akazunguka mabanda ishirini na kitu yaliyobaki akiwa na kikapu cha machungwa mkononi. Kila banda alitoa chungwa moja akampa mwenye banda, na kila banda aliulizwa kikapu kimetoka wapi. Akawa anaonesha kwa kidole: kule golini. Bango langu la mita tatu halikuwa na miguu.

Nilipofika tena bandani, Bi Zaina alikuwa tayari anakata kamba kwa kisu cha kukatia katani. Sikumzuia. Nilivua nailoni zote themanini na moja. Tukapanda juu ya viti, tukalishusha bango, tukatundika vikapu kwenye mwamba wa goli kuanzia nguzo hadi nguzo, na vingine kwenye nguzo zenyewe. Nyuma ya karatasi ya USIGUSE nikaandika kwa kalamu nene: 12,000. Kisha nikafanya kitu nilichopaswa kukifanya kabla ya vyote. Nikamgeukia Bi Zaina nikamwomba radhi, bila kutaja kitabu.

"Elfu kumi na mbili nimeshazipata," akasema. "Radhi yangu utaikomboa siku nyingine. Toa kitambaa chako hicho, watu wanauliza rangi."

Kuanzia saa kumi mpaka magharibi, kile cha mgeni kikihesabiwa, tuliuza vikapu ishirini na tisa. Bi Zaina alikaa mbele, siyo nyuma, akisuka. Sijawahi kuona watu wakitazama kidole gumba cha mtu kwa makini namna ile. Mama mmoja alikaa saa nzima, akaondoka na vinne. Mimi kazi yangu ilikuwa kulowesha kitambaa, kusugua mara thelathini, na kumpa mteja kikapu mkononi kisha nikae kimya. Kukaa kimya ndiko kulikonishinda zaidi. Na chenji: msiende kwenye maonesho bila noti ndogo. Wateja watatu walitukimbia jioni ile kwa sababu ya noti za elfu kumi, na simu ya kupokelea fedha nilikuwa nimeiacha nyumbani ili isiharibu mwonekano.

Jumamosi tuliuza thelathini na vinne. Jumapili biashara ilidorora, watu walikuwa makanisani, kisha mvua. Kumi na viwili tu. Vipeperushi mia tatu vilikuwa na kazi pia, sitaki kusema havikufaa. Mzee Hoza alifungia machungwa. Daftari la wageni nililifunga siku ya Ijumaa, na hakuna aliyeliulizia. Wote walikuwa na mikono iliyojaa.

Jumatatu saa tatu asubuhi Bwana Sefu alifika barazani kwangu Chanika na lile gari kubwa kidogo. Wanawake wote kumi na mmoja walikuwepo. Wa Bungu walikuwa wameteremka alfajiri. Vilibaki vikapu saba, nimevipanga kwenye mkeka. Alisalimia watu wote, na watoto, na hali ya mvua. Akatazama mkeka, akatazama uani, akatazama tena mkeka.

"Vingine viko ndani?"

"Vingine viko njiani," Bi Zaina akamjibu. "Vinatembea na wenyewe."

"Basi hivi saba nichukue elfu tatu tatu, tusisumbuane."

Hakuna aliyejibu. Nilitaka kuongea, nikakumbuka jinsi ninavyoongea, nikanyamaza. Mmoja wa wenzetu wa Bungu akainuka, akachukua kikapu kimoja, akamtia Bwana Sefu mkononi. Akakigeuza, akakivuta vishikio. Akasema elfu tano. Kimya. Akasema elfu saba, na kwamba anatuonea huruma. Watoto wakamtazama. Mwishoni akasema ukweli ambao hakuwahi kutuambia kwa miaka yote: kuna duka mjini linamsubiri na ameshapokea fedha yao. Akahesabu elfu themanini na nne, noti kwa noti, uso kama mtu anayenywa dawa.

"Akina mama," alisema akiwa anapanda gari lenye vikapu saba tu, "mmeharibika."

Nikafunga hesabu mbele ya wote, kwa sauti, bila jedwali. Vikapu themanini na vinne kwa elfu kumi na mbili ni milioni moja na elfu nane. Kwa elfu tatu vingekuwa laki mbili na hamsini na mbili. Kilichookolewa kutoka mikononi mwa Bwana Sefu ni laki saba na hamsini na sita. Ukitoa banda, bango, vipeperushi na fulana, yaani gharama za utaalamu wangu, wanawake kumi na mmoja walibaki na ziada ya shilingi laki tano na elfu nane juu ya bei ya Bwana Sefu.